Baba Anangoja Nimsalimie

Jumatatu, 8 Septemba

Taarifa ya shule bado. Nimeandika kichwa na salamu kwa wazazi, basi. Badala ya kuendelea nimesimama dirishani kumtazama Baba langoni. Tangu aniachie ofisi, kazi yake ni kusalimia watoto asubuhi. Mtu aliyeanzisha shule kwa chumba kimoja cha mabati sasa ni bawabu wa kujitolea, na anaipenda kazi hiyo kuliko alivyowahi kuupenda ukurugenzi.

Kila mtoto ana salamu yake. Kwetu mtoto hurithi jina la babu au nyanya, na ukikutana naye unamtania kana kwamba ndiye mwenyewe. Kwa hiyo Kilonzo wa gredi ya kwanza anaulizwa kama ng'ombe wamepona. Kale kasichana Mumbua kanaulizwa kama kameacha ugoro. Watoto wanajibu wakicheka. Wazazi wanaowaleta kwa pikipiki wanazima injini wasikie.

Leo nyumbani naye alinifurahisha. Alisimama mlangoni mwa jikoni, kimya, ananitazama tu. Nikauliza kuna nini. Kimya. Halafu nikakumbuka. Mchezo wetu! Mimi ni Syombua, nimebeba jina la mama yake. Nilipokuwa mdogo alikuwa akirudi jioni anasimama mlangoni hivyo hivyo, anangoja mimi nianze. Maana kwetu, katika kusalimiana, mkubwa ndiye husema "wakya", mdogo akajibu "aa". Basi mimi kitoto nasema wakya kwa sauti nzito, na yeye jitu zima anajibu aa kwa adabu, na marehemu Mama anacheka mpaka anashika ukuta.

Miaka mingi hatujacheza. Leo nikasema wakya. Akajibu aa. Nilifurahi mpaka nikaunguza mayai.

Jumatano, 10 Septemba

Maendeleo. Tangi la pili la maji limekamilika. Maabara ya watoto wa sekondari ya chini ina meza, viti vitafuata. Kwaya ilifika ngazi ya kaunti. Kuku wa somo la kilimo wanataga, isipokuwa wale walioliwa na kicheche, na hao siwaandiki.

Maisha ya jamii. Majirani wanateka maji kwetu Jumamosi. Tulizika pamoja, tuliomba pamoja. Nimeisoma taarifa yenyewe nikaona ni kavu kama barabara ya kwenda Tulia. Haidhuru. Mimi naiandika tu. Siku ya Wazazi ni Baba anayeisoma, na yeye hajawahi kuisoma. Huiweka karatasi mfukoni, anasimama, anawaangalia watu na kuanza kuwaambia habari za watoto wao mmoja mmoja. Watu huja kwa sababu ya hilo. Shule nyingine zina mabasi mapya na nyasi za kijani. Sisi tuna Baba.

Ijumaa, 12 Septemba

Joto. Walimu wamenuna kwa sababu nimekataa waondoke mapema. Wanune.

Baba alimsimamisha Mwikali wa gredi ya pili langoni leo. Nyanya yake, yule Mwikali mkubwa, ndiye aliyekuwa akibeba maji kutoka mtoni wakati shule inajengwa. Kafa siku nyingi. Baba akamwuliza mtoto mbona maji yamechelewa na mafundi wanangoja kuchanganya saruji. Mtoto akacheka. Baba hakucheka. Akarudia swali. Mtoto akasema yanakuja, Mwalimu, akakimbia darasani.

Mzee anazidi kuwa mwigizaji.

Jumapili, 14 Septemba

Baba amegonga kengele ya shule. Jumapili! Tuko kanisani tunasikia ile kengele yetu ya ringi ya lori ikilia. Watoto wa jirani wakatoka mbio na nguo za nyumbani, mmoja na kandambili moja tu. Watu watacheka wiki nzima. Mchungaji mwenyewe akasema mimbarani kwamba Mwalimu angekuwa na uwezo angefundisha hata mbinguni.

Na mimi nilicheka.

Jumatano, 17 Septemba

Halima amekuja ofisini akafunga mlango. Halima ni naibu wangu, amezaliwa Kitui mjini, familia ya Waislamu waliotoka pwani zamani. Mtu wa maneno machache. Akikaa kabla ya kualikwa ujue kuna jambo.

Akasema, "Madam, Mzee hatanii."

Nikamwambia haelewi mila yetu. Akasema ndiyo, haielewi, na ndiyo maana anaona. Kwao hawana utani huo wa majina. Yeye anachoona ni mzee anayewauliza watoto habari za marehemu na kukasirika asipojibiwa. Sisi tunacheka, tunapita.

Nikamwambia aende darasani.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemkasirikia Halima siku nzima. Nimemsahihishia maandalio ya kazi kwa kalamu nyekundu, jambo ambalo sijamfanyia tangu aje. Amesaini, amekwenda.

Asubuhi Baba alisimama mlangoni. Nikasema wakya haraka haraka. Akajibu aa. Sikumtazama usoni.

Jumamosi, 20 Septemba

Tulikaa kivulini mwa nyumba tukiambua mbaazi. Nikaamua kumpima, kwa ujanja, kama ninavyowapima watoto wanaosema wamesoma.

Nikamwuliza habari za Mutiso. Mutiso ni kaka yangu, ana duka la vipuri Sultan Hamud, kwenye barabara ya Mombasa. Baba akasema hamjui Mutiso. Nikamwuliza, na Syombua je? Akacheka, akasema si ni wewe. Nikapumua. Nikasema moyoni, Halima, umeona?

Akaendelea kuambua. Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana, "Mama, Baba atarudi lini kutoka reli?"

Babake alikuwa kibarua wa reli huko huko Sultan Hamud. Alikufa kabla mimi sijazaliwa.

Nikamwambia atarudi mwisho wa mwezi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Akaridhika, akachukua konzi nyingine ya mbaazi.

Kumbe haukuwa mchezo. Anasimama mlangoni kwa sababu mtoto hamwanzi mamake salamu. Ananingoja. Na mimi nikaunguza mayai kwa furaha. Mjinga mimi.

Jumanne, 23 Septemba

Nimempeleka hospitali mjini. Daktari kijana, mpole. Alimwuliza Baba maswali na Baba akamjibu kwa heshima, akamwita bwana mkubwa, kwa maana ana koti. Ugonjwa wa kusahau. Umeanza zamani, akasema daktari, hamkuona? Nilitaka kumwambia kwamba kwetu kuona kulikuwa kugumu, kila alipomkosea mtu jina tulidhani anamheshimu. Dawa ipo ya kupunguza mwendo, ya kurudisha haipo.

Na mimi ndiye ninayewaambia wazazi kwenye mikutano kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Nimemwomba Halima msamaha. Akasema tusiliongelee. Nimeliongelea kidogo, nikalia, akanipa tishu na kuniambia niende nikanawe, kengele inakaribia.

Jumapili, 28 Septemba

Mutiso amekuja. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, akasema natia chumvi, wazee wote husahau. Akaingia na mkate na sukari. Baba akasimama, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia karibu mgeni, pole na safari, umetoka mbali?

Mutiso akasema ametoka Sultan Hamud. Baba akachangamka. Akamwuliza kama huko kwenye reli amemwona babake.

Mutiso amelia ndani ya gari, amefunga vioo. Na mimi, niandike ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kuusoma, nilifurahi kidogo kwamba hakumtambua. Angalau mimi ananiita kitu. Mungu anisamehe.

Mutiso anataka Siku ya Wazazi ipite kwanza, mtu yeyote asijue. Baba apewe karatasi, asome, ashuke. Kisha amchukue akakae kwake. Anasema jina la Baba ndilo shule. Wazazi wakijua, watawahamisha watoto, na sitawalaumu. Hapo ana haki. Hapo pengine ninamchukia kwa sababu ana haki.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimeiandika taarifa kwa herufi kubwa. Nimefupisha. Nimeondoa neno "miundombinu" kwa sababu Baba hulichukia.

Baada ya watoto kuondoka nikampeleka darasani tufanye mazoezi. Alisoma vizuri! Sauti ile ile. Tangi, maabara, kwaya. Nikasema moyoni tutavuka. Alipomaliza akakunja karatasi, akaweka mikono nyuma, akanitazama. Anangoja. Nikatambua anangoja nini. Anangoja nimwambie amesoma vizuri, akae.

Nilishindwa. Nilitoka nje nikashika nguzo. Nilikuwa na baba aliyenifundisha kusoma katika darasa lile lile, kwa kijiti, herufi moja moja. Nilimwacha hapo kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Niliporudi bado alikuwa amesimama.

Nikamwambia amesoma vizuri. Alikuwa ameshachoka, hakufurahi.

Jumanne, 7 Oktoba

Sitamsimamisha. Nimemwondoa kwenye ratiba. Taarifa itasomwa na Mwalimu Mkuu, yaani mimi. Wazazi kwenye kikundi cha simu wameanza: kwani Mwalimu yuko sawa? Mwalimu amesafiri? Nimejibu kwamba anapumzika.

Anapumzika. Leo amepiga viatu rangi, akavianika ukutani. Sijui nani amemwambia kuna sherehe.

Natamani anigombeze. Hicho ndicho ninachotamani kuliko chochote. Aniite Syombua kwa ile sauti ya mtu aliyekuta nimeacha lango wazi. Nilirudi kutoka Mombasa kufundisha hapa kwa sababu aliniandikia kwamba anahitaji binti yake, na kila siku tangu nirudi tumegombana kuhusu jambo fulani. Saruji. Sare. Kama uji uwe na sukari. Sasa kila nisemalo anakubali. Ndiyo, Mama. Sawa, Mama. Nyumba imekuwa na amani mbaya.

Jumatano, 15 Oktoba

Mahema yamefika. Kwaya imekauka koo. Mwalimu wa gredi ya tano ameuliza kama tutakuwa na kipaza sauti cha akiba, nikamfokea bila sababu.

Mutiso atakuja na gari kubwa. Sanduku la Baba nimelifunga. Nguo zake si nyingi. Nimeacha nje ile suti ya kijivu.

Jumapili, 19 Oktoba

Jana sikuandika. Sikuweza.

Siku ya Wazazi ilianza vizuri. Watu walijaa mpaka kwenye ua. Baba alikuwa kiti cha mbele kati ya Mutiso na Halima, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Watoto wakaimba, wakaigiza, kuku wakaonyeshwa. Nikaitwa kusoma taarifa. Nikashika kipaza sauti, nikasema mabibi na mabwana, na nikaona Baba amesimama.

Anakuja. Mutiso akanyoosha mkono amshike, Halima akaushusha ule mkono. Watu wakaanza kupiga makofi. Walikuwa wakimngoja yeye, mimi hawakunitaka hata kidogo. Akakitwaa kipaza sauti mkononi mwangu kwa upole, nikarudi nyuma ya meza na karatasi yangu. Nilisema Bwana, asianguke mbele ya watu hawa.

Akasema leo anataka kuwaona waliojenga. Makofi. Akaita, Mwikali wa maji, simama.

Watu wakacheka, utani wa Mwalimu umeanza. Kwenye mkeka wa kwaya yule mtoto Mwikali akasimama, akanyoosha sketi. Baba akamwuliza maji yamefika? Mtoto akasema yamefika, Mwalimu. Baba akasema asante, kaa. Kicheko kikubwa.

Kilonzo wa matofali. Mjukuu wa gredi ya kwanza akasimama. Baba akamwambia matofali ya jana hayakuiva. Kicheko. Nzioka fundi. Hatuna Nzioka shuleni, lakini nyuma kabisa mzazi mmoja mwenye mvi akasimama polepole, jina ni la babu yake. Baba akamwambia ukuta wa mashariki umepinda, aubomoe aanze upya. Yule mtu akajibu ataubomoa. Na hapo kicheko kikapungua.

Akina mama wazee wa mstari wa mbele ndio walijua kwanza. Waliifahamu ile miaka. Niliwaona wakiacha kutabasamu, mmoja baada ya mwingine, na yule wa mwisho akashika mdomo. Mzee mmoja akavua kofia. Kisha wote wakajua. Hema lilinyamaza mpaka nikasikia kitambaa chake kikipigwa na upepo. Baba aliendelea kuita. Na kila jina alilotaja, mtu alisimama. Mtoto, au mama mwenye mtoto mgongoni, au kijana wa bodaboda aliyekuwa amekuja kula tu. Wanasimama, wanajibu kwa ajili ya marehemu, wanaambiwa asante. Hakuna aliyecheka tena. Hakuna aliyeondoka.

Akaita, Kanini wa kokoto.

Hakuna. Kanini alikufa bila mtoto, jina lake halikurithiwa na mtu. Baba akangoja. Akaita tena, na sauti ikaanza kupotea, akageuka huku na huku kama mtu aliyepoteza fimbo. Nilijua ni hapa. Hapa ndipo atakapoanguka.

Halima akasimama. Na buibui lake jeusi, Halima wa Kitui mjini, asiyekuwa na tone la damu yetu. Akasema, "Niko hapa, Mwalimu."

Baba akamtazama sana. Akasema umechelewa. Halima akaomba radhi, akasema mawe yalikuwa magumu. Baba akacheka, jana nzima hiyo ndiyo mara ya pekee aliyocheka. Akasema najua, Kanini, najua, kaa upumzike.

Kisha akauliza kama mamake amekuja. Alisema, "Mama yangu ndiye aliyewapikia mafundi uji, amekuja?"

Watu wote wakanigeukia.

Nilikuwa na maneno mengi. Mimi si mama yako. Mimi ni binti yako, uliyenibeba mabegani kwenda soko la Tulia, uliyeniandikia barua nirudi. Nitazame. Nilitaka kuyapiga kelele mbele ya wazazi wote na mwakilishi wa wadi.

Nikasema niko hapa.

Akasema, "Basi tumetimia."

Akaweka kipaza sauti mezani kwa uangalifu, akarudi kukaa. Nadhani hapo ndipo makofi yangekuja, lakini hayakuja. Watu walisimama tu. Wakasimama hivyo mpaka mchungaji alipoombea chakula.

Mmoja wa wale akina mama wa mbele alikuja jikoni nikipakua pilau. Akanishika kiwiko, akasema pole, mwanangu. Mwanangu. Nilimwegemea mbele ya wapishi wote, mwiko mkononi.

Mutiso hakulifungua buti la gari. Aliniambia sanduku nilirudishe ndani, kwake hakuna mtu wa kumjibu Baba. Kisha akaenda kusaidia kung'oa mahema.

Mzazi mmoja amemwuliza Halima kama mwakani Mwalimu atakuwa bado langoni, maana mtoto wake ni mwoga. Halima akamwambia atakuwepo, na mwalimu mmoja atasimama naye. Sijui kama yule mtoto atarudi. Tutaona Januari.

Jumanne, 21 Oktoba

Shule tena, baada ya sikukuu. Wiki ya mwisho ya muhula. Taarifa haikusomwa. Nimeibandika ubaoni nje ya ofisi, atakayetaka habari za tangi ataisoma.

Nimelitoa lile sanduku uvunguni, nikarudisha mashati yake kwenye msumari. Kati ya nguo nimekuta sweta yangu ya shule ya msingi, sijui aliiweka lini, sijui alidhani ni ya nani. Nimekaa nayo kitandani muda kidogo. Kisha nikainuka, chai isichemke ikamwagika.

Ameshaamka kabla yangu. Amevaa, amesimama mlangoni mwa jikoni, kifungo kimoja amekiruka. Ananitazama. Leo sikumngojesha. Nikasema wakya.

Akajibu aa.

Nikamfunga kifungo. Nikamwambia taarifa ya juzi aliisoma vizuri sana. Akainamisha kichwa kwa haya, akatabasamu. Tulipofika barabarani alinipa mkono, bila kutazama magari, tukavuka.